Safari ya Istanbul: uliza umri wa jengo kabla ya bei ya chumba

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anayejiandaa kwenda Istanbul kufunga mzigo huwa na maswali yake: viza, bei ya dola, kilo anazoruhusiwa kubeba, wakala wa kargo anayeaminika. Mwanafunzi anauliza kuhusu bweni na ada. Mgonjwa anayekwenda kutibiwa anauliza kuhusu daktari na mkalimani. Swali ambalo ni nadra kulisikia ni hili: jengo nitakalolala lilijengwa mwaka gani?

Wenyeji wa Istanbul wanaotafuta nyumba ya kupanga huliuliza swali hilo, wengine hata kabla ya kuuliza kodi. Wana sababu zao, na katika makala haya tunaeleza sababu hizo, kisha tunaeleza msafiri wa muda mfupi anaweza kufanya nini. Hatumshauri mtu aahirishe safari. Mji una watu wapatao milioni 16 wanaoamka, wanaofanya kazi na kulala hapo kila siku. Tofauti kati yao na mgeni ni kwamba wao wanajua wanaishi wapi.

Ufa ulio chini ya bahari

Kaskazini mwa Uturuki umepita ufa mkubwa wa ardhi wenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,200, unaojulikana kama Ufa wa Anatolia Kaskazini. Upande wake wa kusini, ambao ndio sehemu kubwa ya nchi, unasogea kuelekea magharibi kwa takriban sentimita 2 hadi 2.5 kwa mwaka. Hiyo ni kasi ndogo kuliko ile ya kucha inavyoota. Tatizo ni kwamba miamba haitelezi kwa utulivu. Hukwama na kujikaza kwa miaka mingi, mingine zaidi ya mia, halafu ikaachia mara moja. Kuachia huko ndiko tunakokuita tetemeko.

Mwaka 1939 ufa huo uliachia Erzincan, mashariki mwa nchi, na watu zaidi ya 30,000 wakafa. Tangu hapo umekuwa ukikatika kipande baada ya kipande, kwa sehemu kubwa ukielekea magharibi. Tarehe 17 Agosti 1999 zamu ilifika Izmit, takriban kilomita 90 mashariki mwa Istanbul, na hesabu rasmi ikataja vifo zaidi ya 17,000. Miezi mitatu baadaye likafuata tetemeko la Düzce. Kipande kinachotazamwa kwa wasiwasi sasa kimelala chini ya Bahari ya Marmara, kusini mwa Istanbul, na mahali pengine kiko umbali usiofika kilomita 20 kutoka ufukweni. Mara ya mwisho eneo hilo kutoa tetemeko kubwa lililouharibu mji ilikuwa 1766. Kabla yake kulikuwa na lile la 1509, ambalo Waothmani waliliita kiama kidogo.

Mwaka 2000 watafiti walichapisha katika jarida la Science makadirio kwamba uwezekano wa tetemeko kubwa kuitikisa vikali Istanbul ndani ya miaka 30 ni kama asilimia 62. Makadirio ya baadaye yamepanda na kushuka. Lakini hakuna anayeweza kutaja siku. Kila ardhi inapotikisika huko, mitandao ya kijamii hujaa watu wanaodai kujua tarehe ya tetemeko lijalo, na video zao husambaa hadi kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Hakuna chombo wala mtaalamu duniani aliyewahi kutabiri siku na saa ya tetemeko. Kupanga safari kwa kufuata video hizo hakuna maana, na kuahirisha safari kwa ajili yake pia hakuna maana.

Kuhusu lugha, utakaposikia neno deprem, ndilo tetemeko. Wazee wa Kituruki husema pia zelzele, neno ambalo msomaji wa pwani atalitambua bila kamusi, kwa kuwa nasi tunalo: zilizala.

Mitetemo na kuta

Afrika Mashariki si wageni wa jambo hili. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera, likaua watu na kuacha maelfu ya nyumba zikiwa zimeanguka au kupasuka, nyingi zikiwa za matofali yasiyo na nguzo. Tarehe 12 Agosti 2020 wakazi wa Dar es Salaam walishuka mbio kutoka maghorofani baada ya tetemeko la ukubwa wa 6.0 kutokea baharini. Kwa hiyo msafiri wetu anaweza kusema anajua tetemeko lilivyo. Inafaa aelewe namba zenyewe. Kila namba moja ikiongezeka katika kipimo cha ukubwa, nishati inayotoka huongezeka takriban mara 32. Tetemeko lililoipiga Uturuki kusini-mashariki tarehe 6 Februari 2023 lilikuwa la ukubwa wa 7.8. Ukilinganisha na la Kagera, nishati yake ilikuwa kubwa karibu mara 700.

Hata hivyo, mitetemo yenyewe ni nadra kumuua mtu aliyesimama katikati ya uwanja. Kinachoua ni kilicho juu ya kichwa chake. Siku ile ya 2023 zaidi ya watu 53,000 walikufa nchini Uturuki, na maelfu wengine Syria. Ilikuwa saa 10 na dakika 17 alfajiri. Uturuki na Afrika Mashariki hutumia saa moja, kwa hiyo hata sisi huku tulikuwa bado vitandani.

Mmoja wa waliokufa anajulikana kwa kila mpenzi wa soka barani Afrika. Christian Atsu wa Ghana, mwenye umri wa miaka 31, alikuwa akiichezea Hatayspor. Jioni ya kuamkia tetemeko alifunga bao la ushindi katika dakika za nyongeza. Saa chache baadaye jengo la ghorofa 12 alimokuwa akiishi mjini Antakya lililala chini lote, na mwili wake ukapatikana siku 12 baadaye. Jengo hilo lilikuwa limekamilika 2013, miaka kumi tu kabla, na lilikuwa likitangazwa kama makazi ya kifahari.

Katika mji wa Adıyaman ilianguka hoteli. Watu 72 walikufa humo, wakiwemo 35 wa msafara wa timu za mpira wa wavu za shule moja ya Cyprus Kaskazini: wanafunzi, walimu na wazazi waliokuja kwa mashindano. Kesi ilipofika mahakamani zilitajwa kasoro za ujenzi zilizojumuisha kokoto na mchanga wa mtoni ndani ya zege, na ghorofa iliyoongezwa bila kufuata sheria. Mwishoni mwa 2024 mwenye hoteli alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 18. Wageni wale walikuwa wamefika tu, wakapokea funguo za vyumba na kulala. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza kuhusu zege.

Pa kulala

Sasa turudi Istanbul. Kanuni bora za ujenzi wa kuhimili matetemeko zilianza kutumika Uturuki 1998, na baada ya msiba wa 1999 usimamizi ukakazwa: sheria ya ukaguzi wa majengo ikaja 2001. Kanuni mpya zaidi zilianza kutumika Januari 2019. Ndiyo maana wenyeji hugawa majengo kwa maneno mawili, ya kabla ya 2000 na ya baada. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua la baada, na lililojengwa chini ya kanuni za 2019 ni bora zaidi. Swali kwa Kituruki ni fupi: Bina kaç yılında yapıldı? Unaweza kuliandika kwenye simu na kumwonyesha mtu wa mapokezi, au ukalituma kabla ya kulipia chumba. Hoteli inayojivunia jengo lake hujibu mara moja. Inayokwepa swali nayo imekujibu.

Lakini mwaka peke yake hautoshi, kama jengo la Antakya linavyoonyesha. Na cheti nacho kisikulaze usingizi: mwaka 2018 serikali ilitoa msamaha ulioyahalalisha kwa ada majengo mengi yaliyokuwa yamekiuka taratibu. Kwa hiyo tumia na macho yako, hasa kwenye ghorofa ya chini. Majengo mengi ya mitaa ya biashara yana duka kubwa chini, lenye dari ya juu na vioo mbele, halafu vyumba vingi vimepangwa juu yake. Ghorofa ya chini ya namna hiyo ina kuta chache, na jengo likitikiswa ndiyo inayovunjika kwanza. Kibaya zaidi, Uturuki inajulikana tatizo la wenye maduka kukata nguzo ili kupata nafasi zaidi ya kuweka bidhaa. Mgeni hawezi kujua yote hayo, lakini anaweza kuona nyufa pana kwenye nguzo, nondo zilizochomoza na kushika kutu, au ghorofa ya juu kabisa iliyojengwa kwa mtindo tofauti na nyingine kwa sababu iliongezwa baadaye.

Hapa tuseme wazi kuhusu Laleli, kwa kuwa ndiko wengi wetu tunakofikia. Hoteli zake ni za bei nafuu, ziko hatua chache kutoka madukani, wapo wahudumu wanaojua Kiingereza na hata Kiswahili cha biashara, na mizigo inafungwa mlangoni. Tunaelewa kwa nini mtu asingependa kutoka hapo. Lakini ni mtaa wa majengo yaliyobanana, mengi ni ya zamani, na uko katika wilaya ya Fatih, upande wa kusini unaotazama Bahari ya Marmara, yaani ulipo ufa. Udongo nao una neno lake: sehemu za kusini-magharibi mwa mji zimekaa juu ya ardhi laini kuliko za kaskazini, na ardhi laini hukuza mitetemo. Mwaka 1999 majengo yaliporomoka na kuua watu katika wilaya ya Avcılar, mbali sana na kitovu cha tetemeko, wakati mitaa mingine iliyokuwa karibu zaidi na kitovu haikuguswa sana.

Upande wa Osmanbey na Şişli, ambako pia kuna maduka ya nguo ya jumla, umekaa juu ya mwamba mgumu zaidi. Treni ya M2 inatoka Osmanbey hadi Vezneciler, kituo kilicho karibu na Laleli, bila kubadilisha. Mtu anaweza kulala huku na kununua kule. Atalipa zaidi kidogo kwa chumba, na kila asubuhi atapoteza muda mfupi njiani. Kwa maoni yetu hiyo ni gharama ndogo, hasa kwa anayekaa wiki mbili au tatu.

Watu hutuuliza pia ghorofa gani ni salama. Katika jengo zuri utaishi ukiwa ghorofa yoyote, na katika jengo bovu ghorofa haikusaidii. Tunachokataa moja kwa moja ni vyumba vya chini ya ardhi, ambavyo katika mitaa ya wanafunzi hupangishwa kwa bei ya kuvutia.

Wanaokwenda kutibiwa wana habari njema kidogo. Baadhi ya hospitali mpya za serikali zimejengwa juu ya viegemeo maalumu, vitu kama sahani za chuma vinavyowekwa chini ya nguzo ili ardhi iteleze chini huku jengo likibaki limetulia. Hospitali ya Çam ve Sakura huko Başakşehir, iliyofunguliwa 2020, ina zaidi ya 2,000 vya namna hiyo. Jengo la abiria la uwanja wa ndege wa Sabiha Gökçen nalo limekaa juu ya viegemeo vya aina hiyo. Lakini mgonjwa anayehudhuria kliniki hulala hotelini au kwenye nyumba ya kupanga, na huko maswali ni yale yale.

Dakika ya kwanza

Tarehe 23 Aprili 2025, saa 6 na dakika 49 mchana, tetemeko la ukubwa wa 6.2 lilitokea chini ya Bahari ya Marmara, nje ya Silivri. Mji mzima ulitikisika. Majengo kwa ujumla yalisimama. Pamoja na hayo, zaidi ya watu 150 walijeruhiwa mjini Istanbul, na kwa mujibu wa maofisa wengi wao waliumia kwa kuruka kutoka juu au katika taharuki ya kukimbia. Yaani ardhi iliwaacha salama, wakavunjika miguu kwa dirisha.

Kukimbia ni silika, na kwetu tumezoea kutoka nje, jambo lenye akili ukiwa katika nyumba ya chini yenye mlango karibu. Ukiwa ghorofa ya tano mambo ni tofauti. Mitetemo mikali mara nyingi hudumu chini ya dakika moja, na ngazi ni mahali pabaya pa kuwa wakati huo. Usiingie kwenye lifti, usitoke kwenye baraza. Maneno yanayofundishwa shuleni Uturuki ni matatu, çök, kapan, tutun: jishushe chini, jifunike kichwa na shingo, shikilia. Ingia chini ya meza imara ukaishike mguu. Kama hakuna meza, jikunje kando ya kitanda mbali na dirisha, kabati na televisheni ya ukutani. Ukiwa kitandani na giza limetanda, bakia hapo na ufunike kichwa kwa mto. Kuna ujumbe wa miaka mingi unaozunguka kwenye simu, unaosema watu wasijifiche chini ya meza bali walale kando ya vitu vikubwa ili kupata pembetatu ya uhai. Taasisi za uokoaji zimeupinga mara nyingi.

Ukiwa barabarani katika mitaa myembamba, hatari iko juu: vioo, mabango, vigae. Kinga kichwa kwa begi na uelekee mahali pa wazi. Ukiwa ufukweni na mitetemo ikawa mikali au mirefu, panda juu mara itakapotulia bila kungoja tangazo, kwa kuwa Marmara imewahi kuinua mawimbi, ikiwemo 1999 katika ghuba ya Izmit.

Simu za Android hutoa tahadhari sekunde chache kabla ya mitetemo kufika, mradi intaneti na huduma ya kuonyesha mahali ulipo vimewashwa. Zishukuru sekunde hizo zikija, lakini usizitegemee. Google ilikiri 2025 kwamba katika tetemeko la alfajiri la 2023 mfumo wake ulituma tahadhari za kiwango cha juu 469 tu, wakati watu wapatao milioni 10 wangeweza kuzipata.

Baada ya hapo

Vaa viatu kwanza. Sakafu itakuwa na vioo, na ndiyo maana wenyeji makini huacha viatu na tochi kando ya kitanda. Kisha shuka kwa ngazi, uende kwenye uwanja wa kukusanyikia. Viwanja hivyo vina vibao vilivyoandikwa Toplanma Alanı, na ni vizuri ukafahamu kilicho karibu na hoteli yako siku ya kwanza, unapotoka kutafuta chakula.

Hapo ndipo wafanyabiashara wetu hukabiliwa na jaribu kubwa: dola ziko chumbani, pasipoti iko chumbani, na jengo limesimama. Mwaka 2023 tetemeko la pili, la ukubwa wa 7.5, lilikuja saa tisa baada ya la kwanza na kuangusha majengo yaliyokuwa yamebaki. Usirudi ndani hadi wakaguzi waruhusu, na inaweza kuchukua siku kadhaa. Kwa hiyo jipange kabla. Pasipoti, fedha za siku chache, dawa na chaji ya simu vikae katika kibegi kimoja kidogo karibu na mlango. Picha ya pasipoti na viza iwe kwenye barua pepe yako na kwa mtu mmoja nyumbani. Fedha za mzigo zisilale zote chini ya godoro.

Namba ya dharura ni 112, kwa polisi, zimamoto na gari la wagonjwa. Balozi za Tanzania na Kenya ziko Ankara, takriban kilomita 450 kutoka Istanbul, hivyo usitarajie ofisa wa ubalozi kufika asubuhi hiyo. Mwachie ubalozi jina lako na anwani ya hoteli kabla, na ujiunge na kundi la wanafunzi au wafanyabiashara wa nchi yako walioko huko. Mara nyingi wao ndio hufika kwanza. Bima ya safari isome hadi kwenye mistari midogo, kwani baadhi hazilipi chochote kinachotokana na tetemeko.

Na simu. Aprili 2025 mitandao ilizidiwa ndani ya dakika chache kwa sababu kila mtu alipiga kwa wakati mmoja. Ujumbe mfupi wa maandishi hupenya pale sauti inaposhindwa. Kubaliana na familia kabla ya kuondoka kuwa likitokea jambo utatuma neno moja kwa mtu mmoja, naye atawaarifu wengine, na kwamba ukimya wa saa chache maana yake ni mtandao tu.